Homa ya mtoto: Usikisie, pima kwanza

HOMA ni miongoni mwa sababu kubwa zinazomfanya mzazi ambebe mtoto kumpeleka zahanati, au agonge mlango wa duka la dawa usiku wa manane. Mtoto aliyecheza mchana kutwa huamka mwili ukiwa wa moto, akilia na kukataa chakula. Papo hapo mashauri huanza nyumbani. Baba anasema ni malaria, mama anadhani ni meno, bibi anahofia degedege, na jirani anakumbuka kwamba ana vidonge vilivyobaki tangu mwezi uliopita.

Katika mashauri hayo ndipo makosa mengi hutendeka. Homa yenyewe si ugonjwa, bali ni ishara kwamba mwili unapambana na jambo fulani. Mtoto anayetibiwa malaria ambayo hana, ugonjwa alio nao hupata nafasi ya kukomaa. Naye mwenye malaria kali akicheleweshewa tiba, anaweza kupoteza maisha ndani ya siku 1 au 2 tangu dalili za hatari zianze.

Kata ya Myamba, iliyoko katika milima ya Upare ya Kusini wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, ni mfano mzuri wa ugumu wa jambo hili. Huko juu hali ya hewa ni ya baridi, na ni eneo linalojulikana kwa kilimo cha tangawizi. Chini ya milima hiyo, kando ya barabara itokayo Same kupitia Kisiwani na Gonja hadi Ndungu na Mkomazi, kuna joto na mashamba ya mpunga. Umbali kati ya kwenye baridi na kwenye joto si mkubwa, lakini homa ya mtoto aliyelala juu wiki mbili zilizopita na homa ya yule aliyelala chini si lazima ziwe na chanzo kimoja.

Suala hilo linawagusa pia wakazi wa mijini. Kila mwisho wa mwaka familia nyingi za Kipare zinazoishi Dar es Salaam, Moshi na Arusha hupanda milimani kwa mapumziko, zikiwa na watoto. Mtoto akishikwa na homa siku ya tatu baada ya kufika, wenyeji huweza kusema kwamba ni baridi ya mlimani tu. Kumbe vimelea vya malaria alivichukua mjini au njiani kabla ya kuondoka, kwa kuwa kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 7 na 14 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, na wakati mwingine baadaye zaidi.

Mwili unapopandisha joto

Joto la kawaida la mtoto likipimwa kwapani huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selisiasi. Hupungua kidogo alfajiri na kuongezeka kidogo jioni. Katika mwongozo wa huduma kwa watoto wagonjwa unaotumika zahanati na vituo vya afya, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi huhesabiwa kuwa homa, na la nyuzi 38.5 au zaidi huhesabiwa kuwa homa kali.

Joto la mwili husimamiwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi. Vijidudu vya maradhi vikiingia mwilini, chembe za kinga hutoa kemikali zinazoiamuru sehemu hiyo ipandishe kiwango cha joto. Mwili hutii kwa kubana mishipa ya damu ya ngozi na kutetemesha misuli. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na mikono na miguu ya baridi, na kutetemeka, wakati kifua na kichwa ni vya moto. Kiwango kikishuka, hutoka jasho.

Kupanda huko kwa joto ni sehemu ya ulinzi wa mwili, kwa sababu virusi na bakteria wengi hudhoofika mwili unapokuwa na joto kuliko kawaida. Homa ya nyuzi 39 peke yake haiunguzi ubongo, kama wengi wanavyoamini. Kinachotishia maisha ni ugonjwa ulioileta. Ukubwa wa homa nao si kipimo cha uhakika cha ukubwa wa ugonjwa: mtoto mwenye mafua ya kawaida anaweza kufikia nyuzi 39.5 huku akiendelea kucheza, na mwenye homa ya uti wa mgongo anaweza kuwa na nyuzi 38 huku amelegea.

Kumgusa paji la uso kwa kiganja husaidia kugundua kwamba kuna jambo, lakini kiganja hudanganya, hasa kama mpimaji mwenyewe anatoka nje kwenye baridi. Kipimajoto cha tarakimu kinachouzwa katika maduka ya dawa kinatosha kwa matumizi ya nyumbani. Ncha yake huwekwa katikati ya kwapa kavu, mkono wa mtoto ukabanwa kifuani hadi kipimo kilie. Mtoto aliyefungwa blanketi na masweta, jambo la kawaida milimani, afunguliwe kwanza na kuachwa kwa muda, kwani nguo nyingi zinaweza kumpandisha joto bila ugonjwa wowote.

Ama kuhusu meno, kuota kwake huweza kumfanya mtoto asumbuke na kuongeza joto kidogo tu. Mtoto aliyefikia nyuzi 38 asiachwe kwa hoja kwamba anaota meno.

Mlimani na tambarare

Tofauti kati ya Myamba na tambarare iliyo chini yake inaelezwa na maisha ya mbu. Vimelea vya malaria ya aina ya Plasmodium falciparum, iliyo hatari kuliko nyingine na iliyoenea zaidi Tanzania, ni lazima vikomae ndani ya mbu kabla ya kuambukiza mtu mwingine. Penye joto la nyuzi 25 hukomaa kwa takriban siku 12. Likiwa nyuzi 20 huhitaji takriban wiki 4, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18, vimelea huacha kukua.

Utafiti uliofanyika katika milima jirani ya Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maambukizi yalipungua kwa zaidi ya mara 1,000 kutoka maeneo ya mwinuko wa mita 300 hadi yale ya mita 1,650.

Hata hivyo, usalama huo wa mlimani una upande wake wa pili. Mtu anayeumwa na mbu wa malaria mara kwa mara tangu utotoni hujenga kinga ya kiasi, lakini mtoto aliyekulia kwenye baridi hana kinga hiyo. Familia yake ikishuka tambarare kulima na kulala huko bila chandarua, anaweza kurudi mlimani na malaria ambayo mwili wake haujaizoea. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga ulionyesha kwamba mahali penye malaria nyingi, malaria kali huwapata zaidi watoto wadogo kwa sura ya upungufu mkubwa wa damu, na mahali penye malaria kidogo huwapata pia watoto wakubwa, na visa vya kupoteza fahamu huwa vingi zaidi.

Upare una historia ndefu katika utafiti wa malaria. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za tambarare ya Upare, pamoja na za Taveta upande wa Kenya, zilinyunyiziwa ndani dawa ya dieldrin katika mpango uliosimamiwa na taasisi ya utafiti wa malaria iliyokuwa Amani, Muheza. Mbu wa aina ya Anopheles funestus walitoweka karibu kabisa. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa takriban nusu, na wataalamu waliendelea kuhesabu vizazi na vifo hadi mwaka 1966. Dieldrin iliachwa baadaye kwa sababu ya sumu yake inayodumu katika mazingira, lakini mpango huo uliacha ushahidi wa jinsi malaria ilivyokuwa ikichukua maisha ya watoto wa chini ya milima hiyo.

Siku hizi mkoa wa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 uliwakuta watoto wa chini ya miaka 5 wenye vimelea wakiwa chini ya asilimia 1 mkoani humo, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa takriban asilimia 7.

Kwa nini kila homa iliitwa malaria

Wazazi wanaosema "ni malaria tu" hawakulitunga neno hilo. Kwa miaka mingi ndivyo walivyoelekezwa. Vipimo vilikuwa vichache, vifo vya watoto vilikuwa vingi, na mwongozo wa wahudumu wa afya katika maeneo ya malaria uliagiza kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa apewe dawa ya malaria bila kusubiri darubini. Klorokwini ilikuwa rahisi na ilipatikana hata dukani.

Vimelea vilipoizoea klorokwini, Tanzania iliiacha mwaka 2001 na kuanza kutumia SP. Nayo ilipodhoofika, mwishoni mwa mwaka 2006 ilianza kutumika dawa mseto ya ALu. Kuanzia mwaka 2009 vipimo vya haraka vya malaria, vinavyojulikana kama mRDT, vilianza kuenea katika zahanati, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria, wa umri wowote, apimwe kabla ya kutibiwa.

Mabadiliko hayo yalitokana na ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka kaskazini mashariki mwa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha hospitali 10 za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea walikuwa 2,062, sawa na asilimia 46. Waliokufa miongoni mwa wenye vimelea walikuwa takriban asilimia 7. Miongoni mwa wasio na vimelea walikuwa asilimia 12, na takriban theluthi moja ya hao wasio na vimelea hawakupewa dawa za kuua bakteria. Kwa maneno mengine, walioitwa wagonjwa wa malaria bila kuwa nayo ndio waliokufa zaidi.

Utafiti mwingine uliofanyika mjini Moshi mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, ulihusisha watoto na watu wazima 870 waliolazwa wakiwa na homa. Zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, lakini waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria katika damu, au maradhi yatokanayo na mifugo na wanyama, kama vile brusela na leptospira.

Kwa watoto wasiohitaji kulazwa, picha ni tofauti kidogo. Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 kwa vipimo vingi, na matokeo kuchapishwa mwaka 2014. Wenye malaria walikuwa takriban 1 kati ya 10. Wengi zaidi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na 7 kati ya kila 10 walikuwa na ugonjwa uliotokana na virusi, ambao kwa kawaida hauhitaji antibiotiki.

Somo la tafiti hizo si kwamba malaria imekwisha. Somo ni kwamba hakuna anayeweza kuitambua kwa macho wala kwa kiganja.

Magonjwa mengine yanayoleta homa

Nimonia ni miongoni mwa yanayoua watoto wengi wadogo. Katika maeneo ya baridi, ambako moto wa kuni huwashwa ndani ya nyumba, moshi huongeza hatari hiyo. Mzazi anaweza kuitambua kwa kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika 1 kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hali ni mbaya zaidi.

Maambukizi ya sikio humfanya mtoto ashikeshike sikio na kulia usiku. Maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuleta homa isiyo na dalili nyingine. Surua huleta vipele, macho mekundu, mafua na kikohozi. Homa ya uti wa mgongo hukaza shingo, na kwa mtoto mchanga huweza kuvimbisha utosi. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi, ikiwamo ya mwaka 2014 na 2019. Pia chanjo huweza kuleta homa ndogo ya siku 1 au 2, nayo si sababu ya kuacha chanjo inayofuata.

Taifodi na "UTI" nazo zimekuwa majina yanayotolewa haraka mijini kila kipimo cha malaria kinapokuwa hasi. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kwa taifodi, hakiaminiki kikitumika peke yake, kwani huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwapo. Nayo maambukizi ya mkojo huthibitishwa kwa kupima mkojo uliochukuliwa kwa usafi.

Dalili za hatari

Zipo dalili ambazo mzazi akiziona hapaswi kusubiri asubuhi, wala kujaribu dawa kwanza. Mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja ikiwa:

- hawezi kunywa wala kunyonya;
- anatapika kila anachopewa;
- amepata degedege, hata kama imekoma;
- amelegea, haamki vizuri au amepoteza fahamu;
- anapumua kwa haraka au kwa shida;
- shingo imekaza au utosi umevimba;
- viganja na ndani ya kope vimepauka kwa kukosa damu;
- mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, au hapati mkojo kwa muda mrefu;
- ana vipele vya rangi ya damu iliyovilia, ambavyo havififii vikibonyezwa;
- ana umri wa chini ya miezi 2 na ana homa ya kiwango chochote.

Kifungu hicho cha mwisho kinastahili mkazo. Kwa mtoto mchanga, nyuzi 37.5 zinatosha kumtoa nyumbani, na hata mwili kuwa wa baridi, chini ya nyuzi 35.5, ni dalili ya hatari. Kichanga huweza kuwa na bakteria katika damu bila dalili nyingine. Asipewe dawa ya kushusha homa nyumbani kisha akaangaliwa.

Kwa wakazi wa vijiji vya milimani kama Myamba, kupanga safari ni sehemu ya tiba. Barabara za huko zina miteremko mikali, na wakati wa mvua za masika huteleza. Familia yenye mtoto mdogo inafaa ijue mapema nani ana chombo cha usafiri, namba yake ya simu ni ipi, na fedha ya dharura iko wapi. Mtoto mwenye dalili za malaria kali aliye mbali na hospitali anaweza kupewa artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa pale ilipo, ikiwa ana umri wa chini ya miaka 6. Hata hivyo dawa hiyo ni ya kumfikisha hospitali tu. Akipata nafuu njiani safari isikatishwe.

Huduma ya nyumbani

Mtoto asiye na dalili za hatari anaweza kuhudumiwa nyumbani wakati akiandaliwa kupelekwa kupimwa. Jambo la kwanza ni maji. Homa hukausha mwili, hivyo anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mkubwa apewe maji safi, uji mwepesi, maji ya matunda au supu kidogo kidogo. Avishwe nguo nyepesi. Akitetemeka afunikwe shuka, na kutetemeka kukiisha apunguziwe.

Kumkanda kwa kitambaa chenye maji kulifundishwa kwa miaka mingi. Siku hizi wataalamu hawakupi uzito, kwani joto hushuka kwa muda mfupi tu na mtoto husumbuka. Maji ya baridi yaepukwe, kwa sababu humtetemesha na kupandisha joto la ndani. Kumpaka spiriti ni hatari, maana hupenya ngozini na mvuke wake huvutwa.

Dawa ya kushusha homa iliyo salama zaidi ni parasetamoli, na lengo lake ni kumpa mtoto nafuu, hasa joto likifikia nyuzi 38.5 au akiwa na maumivu. Haiponyi malaria wala nimonia. Kipimo chake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, bila kuzidi mara 4 kwa saa 24. Kwa mfano, mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 100 hadi 150. Chupa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5 itampatia kiasi hicho kwa mililita 5. Uzito upo katika kadi ya kliniki, na kipimo kitumie kikombe au bomba lililokuja na dawa, kwani vijiko vya chai havilingani. Dozi kubwa kupita kiasi huharibu ini, na kosa la kawaida ni kumpa mtoto parasetamoli ya maji pamoja na dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani yake.

Aspirini haifai kwa watoto. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini huharibu ini na ubongo. Ibuprofeni itolewe kwa ushauri wa mtaalamu, na isitolewe panaposhukiwa dengi, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu. Vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani visiguswe. Havisaidii homa ya virusi, huficha dalili, na huzoesha bakteria dawa.

Degedege si mdudu wala pepo

Katika sehemu nyingi za Tanzania degedege imehusishwa na ndege wa usiku au pepo. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi wazazi wengi walivyoanza kwa mganga, na jinsi ilivyoaminika kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Imani hiyo ilipata nguvu kwa sababu wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakafa muda mfupi baada ya sindano. Kilichowaua kilikuwa malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo.

Kitabibu, homa pekee huweza kumtia mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 degedege ya dakika chache inayokoma yenyewe bila kuacha madhara. Lakini mzazi hawezi kuitofautisha hiyo na ile ya malaria kali. Kwa hiyo kila degedege yenye homa ni safari ya hospitali.

Inapotokea, mtoto alazwe ubavu mahali salama, nguo za shingoni zilegezwe, na muda uangaliwe saa ilipoanza. Asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe kitu, asimwagiwe maji, na asishikwe kwa nguvu. Ikizidi dakika 5, au ikijirudia, ni dharura isiyovumilia kusubiri.

Kituoni: maswali na majibu

Mhudumu wa afya anahitaji habari kabla ya kipimo. Mzazi aeleze homa ilianza lini, mtoto amepewa dawa gani na saa ngapi, chanjo zake zimefikia wapi, na mahali alipolala katika wiki mbili hadi nne zilizopita. Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa mtoto wa Myamba aliyekuwa Ndungu, na kwa mtoto wa Dar es Salaam aliyepanda Myamba.

Kipimo cha mRDT huhitaji tone la damu ya kidoleni na hutoa jibu ndani ya takriban dakika 15 hadi 20. Kikiwa chanya, ALu hutolewa kwa siku 3, dozi 6: ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Hufanya kazi vizuri ikitolewa na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Mtoto akitapika ndani ya saa 1 arudiwe dozi, na dawa imalizwe hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Malaria kali hutibiwa hospitali kwa sindano za artesuneti. Utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti, ikilinganishwa na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini.

Kipimo kikiwa hasi, mzazi asidai dawa ya malaria wala asiondoke akiamini kwamba mtoto hana kitu. Kipimo kimejibu swali moja tu. Aulize: kama si malaria, ni nini, na nirudi lini? Homa ikiendelea baada ya siku 2 au 3, mtoto arudishwe apimwe tena. Ikidumu kila siku kwa zaidi ya siku 7, anahitaji uchunguzi wa hospitali. Aidha, kipimo hicho huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo mhudumu ajulishwe kama mtoto alitibiwa malaria karibuni.

Kinga

Chandarua chenye dawa bado ndicho kinga ya kwanza, na mtoto wa mlimani anakihitaji kila anaposhuka tambarare hata kwa usiku 1. Anayesafiri likizo abebe chandarua kama anavyobeba nguo.

Chanjo nazo zimepunguza magonjwa yanayoleta homa kali. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya bakteria wa Hib mwaka 2009, za nimonia na kuhara mwaka 2013, na ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kunawa mikono kwa sabuni, na kumweka mtoto mbali na moshi wa jikoni huongeza kinga hiyo.

Mzazi hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa kujua joto la mtoto wake, kukumbuka alikolala, kuzitambua dalili za hatari na kuondoka mapema. Jina la ugonjwa lisubiri kipimo.